Dirisha la Ouvrir na sura za memwari

Memwari ya mwanafunzi, yaani kazi yake ya kuhitimu chuo, haiji mezani ikiwa faili moja. Sura ya kwanza aliiandika kwenye kompyuta ya binamu yake, ya pili alichapiwa na mtu kwenye komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi, ya tatu ilirudi kutoka kwa direkta wa kazi, mwalimu anayemsimamia, kwa njia ya WhatsApp, na utangulizi aliuandika mwisho, usiku, kwenye simu. Wiki ya kupeleka kazi inapofika anakuja na flashi yenye vipande sita au kumi na anataka kitabu kimoja: namba za kurasa zinazofuatana, vichwa vya namna moja, jedwali la yaliyomo lisilodanganya. Kwenye sekretaria yetu ya kuchapa kazi za watu, njia ya kwenda kampasi ya Kasapa hapa Lubumbashi, kazi ya kuunganisha imekabidhiwa makro ya Word, programu ndogo inayoendesha amri za Word yenyewe. Makro yenyewe haina shida. Inaingiza kila faili kwa amri ya `InsertFile`, na mitindo yenye jina moja, kama Titre 1, inachukua sura ya hati kuu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kupanga vichwa inajifanya yenyewe. Kinachokula muda na kuleta machozi ni kile kinachotangulia: lile dirisha la Ouvrir (Fungua), la kuchagua faili.

Ninawaandikia wenzangu wa sekretaria na vijana wanaoanza kuandika makro. Dirisha hili lilitengenezwa kwa mtu anayefungua hati yake mwenyewe, moja, ambayo anajua iko wapi. Makro inalitumia kwa mambo mengine kabisa: kukusanya faili nyingi za mtu mwingine, kutoka kwenye diski ambayo dakika tano zilizopita haikuwepo, kwa mpangilio ambao mtu huyo ndiye peke yake anayeujua. Nimelipigania kwa njia nyingi, na nimefikia mahali pamoja: muulize mteja swali dogo kabisa analoweza kujibu, halafu makro yenyewe ikatafute mengine yote.

Kwanza, ni dirisha lipi. Word ina zaidi ya moja. Wengi wetu tulijifunza VBA, lugha ya kuandikia makro, kupitia Excel, na Excel ina `GetOpenFilename`, nyepesi na nzuri. Ukiinakili kwenye Word inakataliwa, kwa sababu Word haina kitu hicho. Word ina mkusanyiko wake wa zamani, `Dialogs`, wenye `wdDialogFileOpen`. Ukisema `.Show`, inaonyesha dirisha na kufungua hati papo hapo. Ukisema `.Display`, inaonyesha tu na kukuachia jibu. Hiyo ya pili ndiyo tunayoitaka, lakini jibu lake ni pungufu: `.Name` inakupa jina la faili bila njia ya folda, na kama jina lina nafasi ndani yake linakuja limefungwa katika alama za kunukuu. Dawa ya wazee ni `WordBasic.FilenameInfo$`, ukipewa jina hilo pamoja na namba 1, inarudisha njia kamili. Ni kipande cha lugha ya makro iliyotumika kabla ya Word 97, na bado kinaitika hadi leo. Nimekiweka kwenye makro moja ya zamani ambayo sioni sababu ya kuibomoa.

Tangu Office XP tuna `FileDialog`, na ndiyo ninayoipendekeza. Kuna pia njia ya kuiita Windows moja kwa moja, `GetOpenFileName` iliyo ndani ya `comdlg32.dll`. Inafanya kazi, ila mistari mingi inayozunguka mikononi mwa watu iliandikwa kabla ya Office ya biti 64. Bila `PtrSafe` na `LongPtr` inakufa mara tu unapoipeleka kwenye mashine mpya, na kijana aliyeinakili hajui hata aanzie wapi. Mtu anayetoa huduma kwa foleni ya wateja hahitaji balaa hiyo.

Sasa `FileDialog` nayo ina tabia ambayo usipoijua itakuchosha. Word inatengeneza dirisha moja tu la kila aina na kulihifadhi mpaka uifunge Word. Vichujio, kichwa, folda ya kuanzia, ruhusa ya kuchagua faili nyingi: vyote vinabaki kama makro iliyopita ilivyoviacha, hata kama unadhani umeunda dirisha jipya. Asubuhi kijana anaendesha makro ya kuleta bibliografia kutoka faili za `*.txt`. Mchana anaendesha makro ya kuunganisha sura, ambayo inaongeza kichujio cha Word chini ya kile cha asubuhi. Dirisha linafunguka likiwa kwenye `*.txt`, mteja haoni sura hata moja, na kila mtu anaanza kuilaumu flashi. Kwa hiyo makro yangu kila moja inaanza kwa kufuta na kupanga upya kila kitu, hata mambo yanayoonekana hayana haja. `Filters.Clear` iwe mstari wa kwanza. Na `.Title` andika kwa lugha ambayo mteja anaizungumza. Word zetu ziko kwa Kifaransa, VBA ni ya Kiingereza, lakini anayekaa mbele ya meza anaongea Kiswahili, na dirisha linalosema “Onyesha sura yoyote moja ya kazi yako” linaeleweka kabla hujafungua mdomo kueleza.

Kwa nini sura moja, wakati tunataka zote? Hapa ndipo penye kazi.

Njia inayokuja akilini kwanza ni kumwomba mteja achague folda. `FileDialog` ina aina yake, namba 4, ya kuchagulia folda. Tatizo lake ni kubwa kwa mtu asiyezoea: dirisha la folda linaonyesha folda peke yake. Faili zilizomo hazionekani kabisa, na huwezi kuongeza kichujio ili zionekane. Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi chuo akiwa na watoto wakubwa, aliingia kwenye folda yake mwenyewe kupitia dirisha hilo, akaona peupe, akashika kichwa: “Papa, mu dosie yangu hamuna kintu!” Kazi yake yote ilikuwemo. Lakini kumwambia mtu aamini kwamba kuna kitu mahali anapoona hakuna ni kumtwisha mzigo ambao si wake. Tena akibofya kitufe akiwa nje ya folda badala ya ndani, makro inapokea folda ya juu yake na kuanza kukusanya faili za harusi na CV za watu.

Ndiyo maana nikaacha kuuliza folda. Ninamwomba aonyeshe faili moja, yoyote, iliyo pamoja na zile nyingine. Hilo mtu yeyote anaweza: anaiona, anaitambua kwa jina alilolipa mwenyewe, anaibofya. Folda naitoa kwenye njia ya faili hiyo:

```
With Application.FileDialog(3)
  .Filters.Clear
  .Filters.Add "Hati", "*.docx; *.doc; *.rtf; *.odt"
  .Filters.Add "Zote", "*.*"
  .FilterIndex = 1
  .AllowMultiSelect = False
  .Title = "Onyesha sura yoyote moja ya kazi yako"
  .InitialFileName = njia & "\"
  If .Show = -1 Then faili = .SelectedItems(1)
End With
folda = Left(faili, InStrRev(faili, "\"))
```

Angalia ule mkwaju wa nyuma, `\`, mwishoni mwa `.InitialFileName`. Ukiusahau, dirisha linachukua kipande cha mwisho cha njia kuwa jina la faili, linafunguka folda moja juu na kuandika jina la folda yako kwenye sanduku la chini. Na kichujio cha “Zote” nakiacha makusudi, kwa sababu faili iliyopitia simu inaweza kufika bila kiambishi chochote mwishoni, na kichujio cha `*.docx` kinaificha kabisa.

Je, tungeruhusu kuchagua faili nyingi kwa mara moja? Inawezekana, na mimi mwenyewe kwenye faili zangu natumia hivyo. Lakini kwa mteja ina mitego miwili. Anayebofya bila kushika Ctrl anapoteza uteuzi wote wa kwanza na anaanza upya, na ukimsimamia begani anazidi kutetemeka mkono. Mtego wa pili ni mpangilio, nitaufikia.

Sasa hiyo `njia`. Flashi haina herufi moja ya kudumu: leo ni E, kesho F, na kama kuna simu imechomekwa au msomaji wa kadi, inaweza kuwa G. Makro iliyoandikwa `E:\` inafanya kazi kwa mteja wa kwanza tu. Wengine wanajaribu `ChDir`, na inaonekana haifanyi lolote, kwa sababu `ChDir` inabadilisha folda ya sasa ya diski iliyotajwa bila kuhama diski. Kuhama kunahitaji `ChDrive` kabla yake. Mimi namwachia `FileSystemObject`, chombo cha Windows cha kusoma diski na folda, aseme flashi iko wapi:

```
Set fso = CreateObject("Scripting.FileSystemObject")
For Each diski In fso.Drives
  If diski.DriveType = 1 Then
    If diski.IsReady Then njia = diski.Path
  End If
Next
```

Aina namba 1 ni diski za kuchomoa. Diski ngumu ya nje haimo hapo. Windows inaihesabu kuwa namba 2, sawa na ile ya ndani ya kompyuta. Mstari wa `IsReady` usiuache, la sivyo msomaji wa kadi asiye na kadi atachukuliwa kuwa flashi. Kukiwa na flashi mbili, usikisie: onyesha majina yao, yale ya `VolumeName`, na mteja aseme ipi ni yake.

Kabla ya kufungua dirisha lolote makro inapaswa kuitazama flashi yenyewe. Flashi za wanafunzi zinapita kompyuta nyingi, na kuna kile kirusi tunachokifahamu wote, kinachoficha folda halisi na kuweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Dirisha la kufungulia faili, kwa mipangilio ya kawaida ya Windows, haliwezi kukuonyesha kilichofichwa. Mteja anaona njia ya mkato tu, na akienda kuibofya mara mbili kwenye Explorer kwa nia njema, kirusi kinaamka kwenye mashine yako. `FileSystemObject` haifichwi: inaziona folda zote, na sifa ya `Attributes` inakuambia kama folda ina alama ya kufichwa, ambayo ni 2, na ya mfumo, ambayo ni 4. Makro yangu ikikuta folda yenye zote mbili, tofauti na `System Volume Information` na `$RECYCLE.BIN` ambazo ni za Windows yenyewe, inasimama na kuniita. Napitisha kwanza kinga ya virusi, halafu `attrib -h -r -s /s /d` inarudisha folda mchana kweupe. Kwangu hilo ni jambo la heshima kwa mteja. Mtu asiambiwe “kazi yako imepotea” wakati iko palepale.

Kuhusu kukusanya faili za folda, vitabu vingi vya VBA vinafundisha `Dir`. Ni ya haraka, na kwa faili zako mwenyewe inatosha. Ina mapungufu matatu ambayo hapa kwetu tunayakuta mara kwa mara. Haiwezi kuitwa ndani ya yenyewe: ukiianzisha upya kwa ajili ya folda ndogo, inasahau ilikuwa wapi kwenye ile kubwa. Ukiiomba `*.doc`, mara nyingi inakuletea na `.docx`, kwa sababu Windows inalinganisha pia lile jina fupi la kizamani lenye herufi tatu mwishoni. La tatu linawagusa wanafunzi wa isimu: wanaoandika kuhusu lugha zetu hupenda kuweka ɛ na ɔ hata kwenye majina ya faili. Herufi hizo hazimo kwenye jedwali la herufi la Windows ya Kifaransa, kwa hiyo `Dir` inarudisha jina lenye alama ya kuuliza mahali pake, na ukijaribu kufungua jina hilo Word inakuambia faili haipo. `FileSystemObject` inalirudisha jina kama lilivyo. Mwanafunzi aliyeheshimu sauti za lugha ya bibi yake hastahili kuambiwa abadilishe jina ili kompyuta iridhike.

Ila kwa kuwa inaona vilivyofichwa, inaona pia visivyotakiwa. Hati ikiwa wazi, Word inaweka pembeni yake faili ndogo iliyofichwa, yenye `~$` mahali pa herufi mbili za kwanza: `Chapitre I.docx` inazaa `~$apitre I.docx`. Umeme ukikatika, au flashi ikichomolewa kabla Word haijafungwa, faili hiyo inabaki, na delestaji za SNEL, kampuni yetu ya umeme, zinatuhakikishia kwamba zipo tele. Ruka kila jina linaloanza na `~$`. Halafu, kabla ya kuunganisha chochote, nakili faili zote kwenye folda ya mashine na ufanye kazi na nakala. Flashi ya mteja irudi mfukoni mwake mapema.

Kwa wanaotumia LibreOffice, nao wapo na wanaongezeka kwa kuwa hailipiwi, mambo ni hayohayo kwa majina mengine. Dirisha lake linaitwa kwa `createUnoService`, huduma ya `com.sun.star.ui.dialogs.FilePicker`. Ukiruhusu faili nyingi na kuomba `getFiles`, kitu cha kwanza kwenye orodha ni folda, na vinavyofuata ni majina matupu. Asiyejua anajaribu kufungua folda kama hati. Tumia `getSelectedFiles`, inayotoa kila faili na njia yake kamili. Njia zenyewe huja kwa umbo la `file:///`, nafasi zikiwa `%20`, na `ConvertFromUrl` inazirudisha kwenye umbo la kawaida.

Tumefika kwenye mpangilio, na hapo ndipo memwari inapoharibika bila mtu kuona mpaka mbele ya juri.

Mtu akichagua faili nyingi kwenye dirisha, anaamini kwamba mpangilio aliobofya ndio makro itakaoupata. Hakuna ahadi hiyo. `SelectedItems` inakupa mpangilio ambao Windows imeupenda, na mara nyingi ile uliyoibofya mwisho inatangulia. Ukikusanya kwa folda, vilevile: mpangilio ni wa diski. Kwa hiyo lazima upange wewe, na jibu la haraka ni kupanga kwa alfabeti. Jaribu kwa kazi ya kawaida ya mwanafunzi wetu. Alfabeti inakupa Annexes, Bibliographie, Chapitre, Conclusion, halafu Introduction. Kitabu kinaanza na viambatisho na kinaishia na utangulizi. Épigraphe nayo, ukilinganisha herufi kwa namba zake bila `Option Compare Text`, inakwenda nyuma ya Z, kwa sababu É ina namba kubwa kuliko herufi zote zisizo na alama.

Namba za sura zina habari yake, na moja ilinifurahisha nilipoitambua. Wanaoandika “Chapitre 1” mpaka “Chapitre 10” wanapata 10 mara baada ya 1 na kabla ya 2. Kwenye folda ya Windows hawalioni tatizo hilo, kwa kuwa tangu Windows XP orodha ya folda inapanga tarakimu kama namba. VBA inapanga herufi kwa herufi. Lakini wanaoandika kwa namba za Kirumi, kama direkta wengi wanavyodai, wako salama bila kujua: I, II, III, IV, V, VI, VII, VIII, kwa alfabeti tupu, zinakaa kwa mpangilio wake sahihi. Tatizo linaanza kwenye IX, inayoruka kwenda kukaa kati ya IV na V. Memwari ya sura tisa ni nadra. Tezi (tasnifu) ya doktora ndiyo ya kuangaliwa.

Makro yangu kwa hiyo inapanga kwa hatua mbili. Kwanza inatafuta maneno ndani ya jina na kuipa kila faili uzito: ukurasa wa jalada, epigrafu, tabaruku, shukrani, utangulizi, sura, hitimisho, bibliografia, viambatisho. Ndani ya sura inatafuta namba, ya kawaida au ya Kirumi, na kuigeuza kuwa tarakimu. Hili linatosheleza kazi nyingi, lakini silitegemei peke yake, kwa sababu kuna faili zinazoitwa `DOC-20240312-WA0007.docx` na hakuna makro itakayojua kilichomo kwa kusoma jina hilo. Hatua ya pili ni fomu ndogo yenye orodha na vitufe viwili, Juu na Chini. Faili zisizotambulika zinakaa mwanzoni kabisa zikiwa na alama ya nyota, na pembeni ya kila jina kuna mistari michache ya kwanza ya hati, iliyosomwa kwa kuifungua kimyakimya kwa kusoma tu. Mwanafunzi anakaa kitini pangu, anasoma, anasogeza. Hapo ndipo swali la pili na la mwisho anapoulizwa, na ni swali ambalo yeye ndiye bingwa wake.

Ugumu uliobaki ni sura zinazojirudia: `Chapitre II`, `Chapitre II final`, `Chapitre II final corrigé`. Wengine wanaandika makro ichukue yenye tarehe mpya. Mimi nakataa. `DateLastModified` inaeleza tarehe ya faili kwenye diski, na faili iliyopakuliwa jana kutoka WhatsApp inaweza kuonekana mpya kuliko ile iliyosahihishwa wiki iliyopita, hata kama ndani ni ya zamani. Tarehe ya kuaminika zaidi imo ndani ya hati yenyewe, kwenye `BuiltInDocumentProperties`, namba 12, ambayo ni mara ya mwisho kuhifadhiwa; namba 7 ni jina la aliyehifadhi. Makro inasoma zote mbili na kuziweka kwenye orodha karibu na kila faili inayojirudia. Jina la direkta likitokea kwenye mstari mmojawapo, mwanafunzi mara nyingi anajua papo hapo ni ipi. Asipojua, simu iko mezani: anampigia direkta kabla hatujachapa ukurasa hata mmoja.